Kumhesabu ndege mara moja si kumjua

Wahenga walinena kuwa mtembezi hula miguu yake. Mwaka wa 2023 mimi niliila yangu, na pamoja nayo nikala sehemu kubwa ya mshahara wa mwalimu, nikiwafuata ndege. Kuanzia alfajiri ya Januari mosi hadi magharibi ya Desemba 31, nilijitwika kazi moja: kuona aina nyingi za ndege wa Kenya kadiri iwezekanavyo na kila aina kuitia alama katika orodha. Shabaha yangu ilikuwa aina 400. Mwaka ulipofunga virago nilikuwa nimefikisha 387. Wenzangu katika chumba cha walimu walinipongeza, na mmoja wao akaniita profesa wa ndege. Nilitabasamu, lakini moyoni nilikuwa na jambo lililonikereketa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu leo.

Kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kuusikia mchezo huu, hebu nieleze kidogo. Watazamaji wa ndege kote duniani wana desturi ya kujipa mwaka mmoja, kuchagua eneo, kisha kushindana na wenzao au na nafsi zao kuona ni nani atakayehesabu aina nyingi zaidi. Mwaka wa 1973, kijana Mmarekani aitwaye Kenn Kaufman, ambaye hakuwa hata ametimiza miaka 20, alizunguka Amerika ya Kaskazini kwa kuomba lifti barabarani, akaona zaidi ya aina 660. (Walimu wenzangu, tusiwaambie wanafunzi kwamba aliiacha shule akiwa na miaka 16.) Mwaka wa 2015, Mmarekani mwingine, Noah Strycker, aliizunguka dunia nzima na kuona aina 6,042. Rekodi hiyo haikudumu. Mwaka uliofuata Mholanzi Arjan Dwarshuis aliivunja kwa kuona zaidi ya aina 6,800.

Kenya nayo si mgeni katika mashindano haya. Nchi yetu ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, utajiri ambao mataifa mengi makubwa kuliko letu hayana. Mwishoni mwa Novemba 1986, kikundi cha watazamaji watatu kiliona aina 342 nchini humu kwa siku moja tu. Siku moja! Mimi nilihitaji miezi kadhaa kuifikia idadi hiyo, lakini wao walikuwa na gari na mimi nilikuwa na matatu.

Sitaki kuukashifu mchezo wenyewe, kwa maana ulinipa mambo ambayo nisingeyapata kwingineko. Wakati wa likizo ya Aprili nilikwenda msitu wa Kakamega. Huko nilimwona ndege mkubwa wa rangi ya samawati, wa ukoo wa kulukulu, akikimbia juu ya matawi mithili ya kindi, na nikawasikia hondohondo wakipita juu ya miti kwa mbawa zenye kishindo. Nilikwenda Baringo, nikapanda mashua iliyopenya katikati ya miti iliyokufa maji baada ya ziwa kufura. Nilipanda hadi nyanda za Kinangop kumtafuta ndege mdogo wa manjano ambaye makao yake ni nyasi fupi za nyanda za juu za Kenya na ambaye hapatikani kwingineko ulimwenguni. Nyasi zikilimwa, naye hana pa kwenda. Agosti nilishuka pwani hadi msitu wa Arabuko-Sokoke. Huko kijana mwelekezi aliniongoza vichakani kwa nusu saa bila ya kusema neno, kisha akaninyooshea kidole. Katika tawi, karibu na uso wangu, alikuwa amelala bundi wa Sokoke, ambaye urefu wake ni kama nusu ya rula ya mwanafunzi. Nilimtazama kwa dakika mbili. Nikatia alama. Tukaondoka.

Hapo ndipo lilipo tatizo. Sheria ya mchezo huu ni kwamba kila aina huhesabiwa mara moja tu. Ukishamwona shore mmoja, shore wote waliosalia mwaka huo hawana thamani. Ukishamwandika mwewe, mwewe wengine ni vumbi la angani. Kadiri mwaka unavyosonga ndivyo macho yako yanavyozidi kuwapuuza ndege wengi ili kumtafuta mmoja usiyekuwa naye. Kufikia Juni nilikuwa mtu wa ajabu: nilijua majina mengi ya ndege kuliko wakati wowote maishani mwangu, na bado nilikuwa nikiwatazama ndege wachache kuliko zamani.

Nyuma ya shule ninayofundisha, katika Kaunti ya Trans-Nzoia, kuna kinamasi. Si kikubwa, wala hakina jina katika ramani yoyote niliyowahi kuiona. Tangu nihamishiwe huko nimekuwa nikiwaona humo korongo-taji, wale korongo wenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, ambao majirani zetu wa Uganda wamewaheshimu kwa kuwaweka katika bendera yao. Januari 3, mwaka ule wa mbio zangu, nilisimama kando ya kinamasi hicho, nikawaona, nikatia alama dhidi ya jina lao. Korongo-taji alikuwa ndege wangu wa 46. Kuanzia hapo sikusimama tena mahali pale.

Kuna mwanafunzi wangu mmoja, msichana, ambaye wakati huo alikuwa katika Kidato cha Pili. Nyumbani kwao ni ng'ambo ya kinamasi, na kila Jumamosi asubuhi alikuwa akipita hapo kupeleka maziwa kituoni. Tangu alipokuwa Darasa la Nane alikuwa na mazoea ya kuandika, katika daftari la kawaida la hesabu, ndege aliowakuta njiani: tarehe, saa, hali ya hewa, jina la ndege na idadi yao. Aliposikia kwamba mwalimu wake naye ni mtu wa ndege, alifurahi mno. Jumatatu moja ya mwezi wa Mei alinijia mlangoni mwa chumba cha walimu.

"Mwalimu, shikamoo. Juzi korongo walikuwa wanane. Mwaka jana mwezi huu walikuwa kumi na watatu."

Nilikuwa na rundo la insha mezani na ramani ya pwani chini yake. Nikamjibu, "Marahaba. Korongo nilikwisha kuwaandika tangu Januari."

Akanyamaza kidogo, kama wanyamazavyo watoto wenye adabu wasioridhika na jibu la mkubwa. Kisha akauliza, "Na wale watano ambao hawapo, mwalimu, utawaandika wapi?"

Nilicheka, nikampa shauri la jumla kuhusu umuhimu wa kusoma kwa bidii, nikarudi kwenye ramani yangu. Ungamo langu ndilo hilo, mpenzi msomaji. Nimefundisha kwa miaka mingi, na sikumbuki kama nimewahi kuulizwa swali bora kuliko lile na kulipuuza vibaya kama nilivyolipuuza.

Februari 2024 uliitishwa mkutano wa baraza kuhusu kinamasi chetu. Kwa muda wa miaka miwili hivi mifereji ilikuwa imechimbwa upande wa mashariki ili kuyatoa maji, na miche ya mikaratusi ilikuwa imepandwa mahali ambapo awali palikuwa na matete. Waliotaka kuendelea na kazi hiyo walikuwa na hoja zao, na si zote zilizokuwa za kupuuzwa: watu wanahitaji kuni, nguzo na pesa za karo. Wazee nao walisimama mmoja baada ya mwingine wakasema kwamba chemchemi zinakauka na kwamba korongo walikuwa wengi zamani. Afisa aliyeongoza mkutano aliwasikiliza kwa subira, kisha akauliza swali ambalo afisa yeyote mwenye kazi yake angeuliza: "Zamani ni lini? Na wengi ni wangapi?"

Baraza likawa kimya. Baadhi ya wazazi waligeuka wakanitazama mimi, profesa wa ndege, mtu aliyetembea Kenya nzima na darubini shingoni. Nilisimama. Nikagundua kwamba katika orodha yangu yote ya aina 387, ushahidi niliokuwa nao kuhusu kinamasi kilicho nyuma ya darasa langu ulikuwa mstari mmoja: korongo-taji, Januari 3, 2023. Sikuwa nimeandika hata idadi yao, kwa sababu mchezo wangu haukuitaka.

Nashukuru kwamba msichana yule alikuwapo pamoja na mama yake. Alikwenda nyumbani mbio, akarejea na madaftari matatu. Korongo ni ndege wa kuhama-hama kufuata majira; wakati wa kiangazi hukusanyika makundi, na wakati wa mvua hujitenga wawili wawili kutafuta pa kutagia. Kwa hiyo ukilinganisha Januari na Juni utajidanganya. Yeye alilijua hilo bila ya kufundishwa na mtu, akalinganisha Januari na Januari. Januari 2022 kundi kubwa aliloliona lilikuwa la korongo 19. Januari 2023 lilikuwa la 14. Januari 2024 lilikuwa la watano. Isitoshe, kati ya mistari ya ndege alikuwa ameandika mambo mengine: siku mfereji wa kwanza ulipoonekana, siku matete yalipochomwa, na siku alipokuta kiota kimekanyagwa na mayai mawili yamepasuka.

Sitamdanganya msomaji kwamba madaftari yale yalikiokoa kinamasi. Mikaratusi iliyokwisha kupandwa ingali imesimama, na takribani nusu ya matete ya zamani haipo tena. Lakini ilikubaliwa kwamba sehemu iliyobaki, ile yenye chemchemi, isichimbwe mifereji, na mpaka wake ukawekewa alama. Uamuzi huo uliandikwa. Na ulipoandikwa, tarehe zilizonukuliwa hazikutoka katika orodha ya mwalimu. Zilitoka katika daftari la hesabu lililonuka maziwa, la mtoto ambaye katika miaka miwili yote alikuwa ameona aina 53 tu za ndege.

Huenda msomaji akadhani kwamba ninakipa kisa cha kijiji kimoja uzito kisioustahili. La hasha. Jambo hili lina mizani yake hata katika taifa. Mwaka wa 2022 ulichapishwa utafiti kuhusu ndege wawindaji na walao mizoga nchini Kenya, yaani tai, tumbusi, vipanga na jamaa zao. Watafiti walizilinganisha hesabu zilizofanywa kando ya barabara katika miaka ya 1970 na nyingine zilizofanywa kati ya 2003 na 2020. Kati ya aina 22 walizozichunguza, 19 zilikuwa zimepungua, nyingine kwa kiasi cha kutisha. Sasa tujiulize: utafiti huo uliwezekanaje? Uliwezekana kwa sababu miaka hiyo ya nyuma kulikuwa na watu waliopita barabarani wakamwandika kila tai na kila kipanga, hata yule wa kawaida aliyekaa juu ya nguzo ya simu na ambaye hakuna mtu angejisifu kwa kumwona. Kama wangeandika wageni na adimu pekee, leo tusingejua kwamba wa kawaida wamegeuka kuwa adimu. Korongo-taji mwenyewe ni shahidi: ndege aliyekuwa akionekana katika kila kinamasi cha nyanda za juu aliingizwa mwaka wa 2012 katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani.

Mfano wa pili unatoka Kilifi. Kuna mnana mmoja ambaye hapatikani mahali pengine popote ila katika misitu ya huko. Wanasayansi walimpa jina mwaka wa 1913. Tangu hapo watazamaji wa ndege kutoka pembe zote za dunia walikuja, wakamwona Arabuko-Sokoke, wakatia alama, wakapanda ndege za kuwarudisha kwao. Na bado hakuna aliyejua mahali anapotaga mayai! Viota vyake viligunduliwa mwaka wa 2013, katika kinamasi kilicho ndani ya msitu wa Dakatcha. Miaka 100 kamili ilipita huku ndege huyo akijulikana kwa jina bila ya kujulikana nyumbani kwake. Je, utamlindaje kiumbe usiyejua analala wapi?

Wapo watakaonipinga. Wa kwanza atasema kwamba kutazama ndege ni anasa ya watalii na watu wenye fedha. Hoja hii ina ukweli ikiwa tunazungumzia mbio kama zangu. Lakini daftari la msichana yule liligharimu nini? Hakuwa na darubini. Hakupanda matatu. Isitoshe, si kweli kwamba wenyeji hawakuwa na habari na ndege hadi wageni walipokuja na vitabu. Lugha yetu ya Kiswahili pekee ina mlamba, keremkerem, kuzumburu, mdiria, chozi, yangeyange na dudumizi, huyo wa mwisho ambaye wazee wengi humsikiliza ili kujua kama mvua i karibu. Watu hawayapi majina mambo wasiyoyatazama.

Wa pili atasema kwamba ndege hawamo katika mtihani. Mwalimu mwenzangu, chukua zile Januari tatu: 19, 14, 5. Hapo pana grafu ya somo la hesabu. Pana swali la jiografia kuhusu matumizi ya ardhi na swali la biolojia kuhusu makazi ya viumbe. Pana insha ya hoja, ya kuunga mkono na ya kupinga, yenye watu halisi pande zote mbili. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini mwaka wa 2019 unatutaka tuwape wanafunzi kazi za kutenda badala ya kukariri. Mara nyingi tumewageuza wazazi kuwa wanunuzi wa manila na gundi kwa ajili ya kazi hizo. Ndege hawauzwi dukani.

Wa tatu, na huyu ndiye ninayemheshimu zaidi, atasema kwamba bila ya msisimko wa mashindano vijana hawatavutiwa. Ninakubaliana naye nusu. Mimi mwenyewe nisingenunua darubini kama si tamaa ya kufikisha 400. Basi na tuwaache vijana washindane muhula mmoja, waone ni darasa lipi litakaloona aina nyingi, ili macho yafunguke na majina yashike. Lakini muhula wa pili tubadilishe sheria. Wote warudi mahali pamoja, wamhesabu kila ndege kila wiki, na wa kawaida apewe haki sawa na mgeni.

Pendekezo langu, kwa hiyo, ni jepesi. Kila shule ichague mahali pamoja palipo karibu: kinamasi, kichaka, kingo za mto, hata jaa la taka ambapo makorongo makubwa na kunguru hukusanyika. Asubuhi moja kila wiki, kwa saa ileile, wanafunzi wawili au watatu waandike ndege wote waliopo na idadi yao. Pembeni waandike jina la ndege katika lugha ya nyumbani, walilolipata kwa nyanya au babu. Daftari lisiwe mali ya mwanafunzi wala ya mwalimu, kwa maana mwanafunzi hufuzu akaenda na mwalimu huhamishwa. Liwe mali ya shule, likabidhiwe kidato hadi kidato kama kombe linavyokabidhiwa. Wenye simu wanaweza kwenda mbali zaidi: tangu mwaka wa 2013 upo mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, ulioigawa nchi katika viraba vya takribani kilomita 9 kwa 9, na ambao hupokea orodha kutoka kwa raia yeyote aliye tayari kutumia saa mbili au zaidi kuwatazama ndege wa kiraba chake. Ramani ya kwanza ya namna hiyo ilichapishwa kitabuni mwaka wa 1989. Ya sasa ikiwekwa kando yake, tunaweza kuona ni nani waliohama, ni nani waliopungua, na ni nani waliotoweka kabisa. Bandu bandu huisha gogo. Asiyehesabu vibanzi hushtuka gogo limekwisha.

Nami je, nimefanya nini? Orodha yangu ya aina 387 ningali ninayo, na siionei haya. Bundi yule wa Sokoke nitamkumbuka hadi nizeeke. Lakini sikutafuta tena aina ya 400. Jumamosi asubuhi, nisipokuwa na zamu, utanikuta kando ya kinamasi pamoja na kikundi cha wanafunzi, nikijifunza kazi kutoka kwa aliyeianza. Mara nyingi hakuna jipya. Yangeyange sita. Shore wanne. Dudumizi mmoja, amesikika, hakuonekana. Na korongo, ambao hutuchukua muda mrefu zaidi kuwaandika, kwa sababu msichana yule ametufundisha kuuandika hata mstari ambao sisi watu wa mbio hatukuwa na nafasi yake katika orodha zetu: korongo-taji, saa moja na nusu asubuhi, hakuna.